Meza ya zamani ya kuvuta inakwama baada ya kurekebishwa
Pole sana dada. Kama nimekuelewa, meza ya shosho imetoka kwa fundi iking'aa lakini ukiivuta uongeze ule ubao wa katikati inakwama nusu njia. Usilazimishe, na mafuta usiweke kabisa, yanashika vumbi na kuingia kwenye mbao. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo mwezi wa nne, mvua imenyesha mbao zimevimba, tukaigeuza watu wawili juu ya blanketi nikakuta zile reli za chini, zenye meza huteleza juu yake ukiivuta, zimepakwa vanishi mpaka ndani, imekauka kama gundi. Nilikwangua na msasa laini hapo kwenye reli tu, nikasugua mshumaa mweupe, ikateleza. Huko juu usiguse na msasa, meza nyingi za zamani zina ngozi nyembamba ya mbao nzuri imebandikwa, ikiisha imeisha. Ukiona vitundu vidogo na ungaunga chini yake hao ni wadudu, ama reli iwe na ufa, tafuta fundi wa fanicha, Ngong Road pale Nairobi wako wengi, lakini kwanza akuonyeshe meza ya zamani aliyowahi kutengeneza.