Safu fupi kwenye brioshi: ukingo wa mviringo usio na matundu

Brioshi ni ufumaji wa sindano ambao kitanzi kimoja hufumwa na kinachofuata huhamishwa kikiwa kimevikwa uzi. Kupinda ukingo wake hakuhitaji kupunguza vitanzi. Unageuza kazi kabla safu haijaisha, ndiyo safu fupi, na upande unaofumwa mara nyingi zaidi unarefuka kuliko mwenzake. Anayeanza hukwama hasa kwenye jambo moja: ageuzie wapi.

Anza na vitanzi 42, yaani 40 vya kazi na 1 kila pembeni. Tanda vitanzi kwa ulegevu, maana mwanzo uliokazwa utauvuta ukingo na mviringo hautaonekana. Safu ya matayarisho: fuma cha pembeni, kisha hamisha kimoja bila kukifuma huku ukikivika uzi juu ya sindano, fuma kinachofuata, rudia jozi hiyo mara 20, malizia na cha pembeni. Safu zote zinazofuata ni hivyohivyo, ila kila kitanzi kilichovikwa unakifuma pamoja na uzi wake. Uzi huo si kitanzi. Ukiuhesabu utapata 62 na kudhani umeongeza.

Sasa kugeuza. Geuza baada ya kitanzi ulichokifuma, kamwe si baada ya kilichohamishwa. Ukishageuza, uzi unakuwa mbele yako. Kihamishe kilekile ulichotoka kukifuma, pitisha uzi juu ya sindano kwenda nyuma, endelea na kinachofuata. Uvikaji huo wenyewe ndio utakaoziba tundu, kwa sababu safu ijayo ukifika pale utavifuma viwili hivyo kwa pamoja. Ndiyo raha ya brioshi: huhitaji kuzungushia kitanzi cha jirani kama kwenye ufumaji wa kawaida. Ukigeuza baada ya kilichohamishwa, uzi uliokivika unabaki ukingoni bila cha kuushika, unateleza, na mpangilio wa jozi unapinduka. Tundu lake hupitisha kidole.

Uzi wa pale pa kugeuzia ulalie kitanzi bila kukinyanyua. Ukilegea, unaona dirisha. Ukikaza sana, kitambaa kinajikunja pale.

Kwa kona ya mviringo, fuma safu 2 nzima, kisha geuza baada ya jozi ya 8 na urudi mpaka mwanzo. Safari zinazofuata geuza baada ya jozi ya 12, 15, 17, 18 na 19, ukirudi kila mara, halafu fuma safu nzima. Angalia nyongeza: 4, 3, 2, 1, 1. Zinapungua, ndiyo maana ukingo unaanza tambarare kisha unashuka kwa kasi. Ukizigeuza, uanze na 1 na kumalizia na 4, ukingo utaingia ndani badala ya kutoka nje. Upande wa mwanzo unapata safu 12 za ziada, lakini kwa macho utaona 6 tu, kwani kila safu inafuma nusu ya vitanzi.

Kabla ya kugeuza mara ya kwanza, pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote pamoja na nyuzi zilizovivika. Brioshi ikifumuka ni vigumu mno kuiokota, na uzi huo unakupa pa kurudia.

Ukimaliza, loweka, kamua kwa taulo bila kusokota, tandaza na unyooshe mviringo kwa mikono. Usianike kwenye kamba. Brioshi hunywa maji mengi na uzito wake utaivuta mpaka kona ipoteze umbo.