Mlango wa treni usiupime kwa mkono wa mtoto

Mama Juni, umeuliza kama mlango wa treni ukimbana mtoto utafunguka wenyewe, maana mnapanda SGR hapa Dodoma kwenda Dar mwezi ujao. Mara nyingi ndiyo, asee, milango ya treni za kisasa ikigusa kitu kigumu inarudi nyuma, na dereva hapati nguvu ya kuondoa treni mpaka mfumo umwambie milango yote imefungwa. Shida iko kwenye vitu vyembamba. Mafundi wakijaribu milango wanaweka kipande cha ubao kidogo katikati waone kama itakigundua, ila ncha ya khanga au kamba ya begi ni nyembamba mno, mlango unaweza kuona umefunga vizuri tu na treni ikaanza kwenda. Hata mkono umewahi kunasa hivyo: Uingereza mwaka 2015, stesheni ya Hayes & Harlington, abiria alibanwa mkono na treni ikamburuta.

Kwahiyo ushauri wangu, honi ya mlango ikilia usikimbilie, tena usiuzuie kwa mkono kama tunavyofanya kwenye daladala. Mtoto atangulie umemshika, khanga ifunge vizuri, begi libebe mbele. Likinasa nje liachie, nguo zinanunuliwa sokoni Majengo!