Salma, kuhusu huo mkopo wa nyumba

Mwanangu Salma,

Waalaykum salaam. Unauliza kama usubiri mwenyekiti mpya wa benki kuu ya Marekani, mrithi wa Jerome Powell, ndipo ukope nyumba hapo Maskati, maana wanasema huyo atashusha riba. Sababu yako naiona: riali moja ni dola 2.6 tangu 1986, haijatikisika, na Marekani wakisogeza riba Oman hufuata.

Bei huanza mdomoni, nimekwambieni siku zote. Ule mwaka wa ami yako Hamadi na magunia yake umeusikia hata ukachoka. Uvumi ulishuka Wete kwamba mkubwa mpya anakuja kwenye ununuzi wa karafuu, mtu wa mkono mkunjufu, bei itapaa. Hata bahari hajaivuka, wenye maduka wakaanza kukopesha kwa bei hiyo ya kesho, kanga zikapanda, wachumaji nao wakataka zaidi kwa pishi. Hamadi akafungia karafuu zake darini, akaposa. Mkubwa akaja, na bei akaipandisha kweli! Ila haikufika pale watu walipokwisha kuitumia. Nimeona wanaume wazima wakilia siku ambayo bei imepanda. Mahari nikamalizia mimi, na mpaka leo Hamadi hajasema ahsante.

Masoko ndivyo yalivyo. Septemba 2024 Powell alikata riba kwa nusu asilimia, na riba ya hatifungani (hati za deni la serikali) za Marekani za miaka 10, iliyokuwa kama asilimia 3.7, ikapanda hadi kupita 4.5 mwezi Januari. Kule kukatwa kulishaliwa kabla, kama ile bei ya karafuu. Watu walikuwa wameshaanza kuhofia mfumuko wa bei. Na mikopo ya miaka mingi huelemea kwenye riba hiyo ya miaka 10.

Utasema mwenyekiti ana kura moja tu kati ya 12. Kweli. Lakini Mario Draghi, mkuu wa benki kuu ya Ulaya wakati huo, Julai 2012 pale London, aliahidi kufanya lolote kuinusuru yuro, na riba walizokuwa wakitozwa Hispania na Italia zikashuka. Mpango wa kununua hatifungani zao, uliotangazwa baadaye, haukutumika hata siku moja. Mdomo mtupu! Ila Paul Volcker, aliyeingia kiti hicho cha Marekani 1979 bei zikipanda, hakuaminiwa kwa maneno. Mpaka riba ilipofika karibu asilimia 20 ndipo bei zilipotulia. Basi bei huanza mdomoni, lakini si mdomo wa kila mtu, na huyu mpya wako sijui tumweke wapi.

Ulimi unaniwasha nikwambie kopa au usikope, na mamaako hapa ananikanyaga mguu. Mshahara ni wako, sisemi. Nataka kujua moja tu: riba ya mkopo huo inabadilika kila baada ya muda, au ni murabaha, yaani benki inunue nyumba ikuuzie kwa faida mliyokubaliana? Ikiwa murabaha, faida yao imeshakatwa siku ya kuandikiana, Marekani wamweke wamtakaye. Niletee mkataba niusome mwenyewe, na safari hii usiupige picha gizani.

Babaako