Gari linalala zima, linaamka limekufa: pima kwanza, betri utanunua baadaye

Unazima gari jioni halina shida yoyote. Asubuhi unapiga stata, unasikia mlio mmoja mdogo, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Nimeishi na hali hiyo karibu mwezi mzima, na kitu cha kwanza nilichofanya ndicho ninachokuomba usifanye: nilinunua betri mpya. Fundi aliitazama ya zamani akasema imechoka, nami nikamwamini. Mpya ikavumilia siku tatu. Ya nne, gari likakataa kuwaka.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: betri yenyewe haishiki chaji, au kuna kitu kinaunyonya umeme wakati umelala? Kulijibu ni rahisi. Chaji betri ijae, fungua waya wa hasi, iache usiku kucha bila kuunganishwa na gari, asubuhi ipime kwa mita ya volti na ampia (multimeta). Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 ni ya kuhurumia. Ikiwa imeshuka sana na haikuunganishwa na chochote, basi ni yenyewe, kanunue nyingine. Ikiwa imebaki palepale, mlaji yuko ndani ya gari. Washa gari pia upime injini ikiunguruma: nyingi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13, betri haichajiwi ipasavyo.

Kila unapofungua betri, anza na hasi, na unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche zake si za mchezo.

Sasa kumtafuta mlaji. Zima kila kitu, ufunguo uuweke mbali na gari. Fungua boneti, na kitasa cha mlango utakaouacha wazi kibonyeze kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10, uchague ampia. Fungua waya wa hasi wa betri, kisha mita ikae katikati: ncha moja kwenye waya uliofungua, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Hapo umeme wote unaotoka unapita ndani ya mita. Usithubutu kupiga stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mita itaanza na namba kubwa kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho, na baadhi ya magari huchukua nusu saa hadi saa nzima kulala. Namba ikitulia chini ya ampia 0.05, gari halina kosa, maana saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta lazima zile kidogo. Langu lilitulia kwenye 1.8.

Piga hesabu uone ubaya wake. Ampia 1.8 kwa saa 12 ni karibu ampia-saa 22, na betri yangu ni ya ampia-saa 45. Nusu inaondoka usiku mmoja! Ndiyo maana ile mpya ilijikaza siku chache tu. Taa ya buti isiyozimika hula kidogo kuliko hapo, lakini betri iliyozeeka haiwezi hata hiyo.

Kinachofuata ni kuchomoa fyuzi moja moja huku ukiitazama mita. Namba ikiporomoka ghafla, mlaji yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Mara nyingi ni taa ya buti au ya kisanduku cha dashibodi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda, au kitu kilichoongezwa baadaye: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Mimi ningeanza na vilivyoongezwa, kwa sababu vingi huunganishwa kwa haraka, waya wenye umeme muda wote ukichanganywa na ule unaopitia swichi ya ufunguo.

Nilichomoa zote. Mita ikabaki 1.8.

Nilikaa pale nimeinama juu ya injini, sijui pa kushika. Gari lilikuwa limezimwa tangu usiku, na chuma chote kilikuwa cha baridi. Nikapitisha mkono taratibu: injini baridi, rejeta baridi. Nilipofika kwenye altaneta, mashine inayoichaji betri injini ikizunguka, mkono ukakuta vuguvugu.

Altaneta huunganishwa na betri kwa waya mnene usiopitia fyuzi hizi ndogo. Ndani yake kuna dayodi zinazoruhusu umeme uende upande mmoja tu, kutoka altaneta kwenda kwenye betri. Dayodi ikifa, umeme unarudi nyuma usiku kucha na kugeuka joto. Niliondoa hasi, nikafungua ule waya mnene, nikaufunga ncha kwa utepe usiguse chuma, nikarudisha mita na kusubiri tena. Ikasoma 0.03.

Fundi umeme alibadilisha sahani ya dayodi peke yake, altaneta nzima haikuhitajika. Kabla ya kurudi barabarani niliichaji betri kwa chaja, polepole, usiku mzima. Usiiachie altaneta kazi ya kufufua betri iliyoisha chaji, inaichosha bure. Na betri ya madini ya risasi, kama hii ya gari, ikikaa siku nyingi bila chaji, plati zake huota salfeti ngumu, haijai tena kama zamani. Ile yangu mpya ilishalazwa hivyo mara tatu, kwa hiyo bado naipima kila Jumapili asubuhi kabla sijagusa ufunguo.