Barua kwa mwanangu: roboti inayojizima ikitaka kutembea

Mwanangu Salma,

Sisi huku hatujambo, na nyanya yako anakusalimu sana. Umelalamikia hesabu za kozi yako, tena umeniuliza mawili: kwa nini roboti ya kikundi chenu ya kufuata mstari hujizima na kujiwasha upya kila magurudumu yakitaka kuzunguka, na kama shahada yako ya teknolojia ya uhandisi wa roboti itakufanya uitwe mhandisi.

Kwa hilo la kwanza, wekeni programu kando. Umesema mna Arduino Uno (bodi inayoendesha programu), moduli ya L298N inayozipa mota umeme kwa amri ya bodi, mota mbili za njano zenye gia na betri ya mraba ya volti 9. Mimi naishuku betri kabla ya kitu kingine chochote. Mota inayozunguka huzalisha volti zake zinazopingana na za betri, ndiyo maana haili umeme mwingi. Ikiwa imesimama, hakuna kinachozuia umeme ila ukinzani wa nyaya zake za ndani.

Pimeni, msikisie. Weka multimita kwenye ohm 200, gusanisha ncha zake uone nyaya zake zenyewe zinasoma ngapi, ili uitoe hesabu hiyo baadaye. Chomoa mota kwenye moduli, pima miguu yake miwili. Zungusha gurudumu kidogo kwa mkono, subiri litulie (mota ikizungushwa hutoa umeme na kuidanganya mita), upime tena. Namba itabadilika kwa sababu brashi, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimehamia bamba jingine. Shika iliyo ndogo kuliko zote. Tuseme ni ohm 6, na mota inapewa volti 6: inapoanza inadai ampea 1, na zote mbili ampea 2. Betri ya mraba ina ukinzani wa ndani wa ohm moja na zaidi hata ikiwa mpya, kwa hiyo volti 2 au zaidi zinapotelea humohumo ndani yake. Bodi nayo inataka kama volti 7 kwenye Vin, mlango wake wa umeme, ili itoe 5 kamili. Umeme ukiporomoka bodi inajiwasha upya, inaanza programu mwanzo, inaziamuru mota, umeme unaporomoka tena.

Kama wenzako bado wanabisha, ipeni bodi umeme wa USB kutoka kwenye kompyuta, mota zibaki na betri yake, mkate waya wa chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Hasi zote ziungane: ya betri, ya moduli, ya bodi. Wengi husahau hapo, kisha mota zinatetemeka ovyo. Bodi ikiacha kujizima, umeme ndio wenye kosa. Ikijizima hata mota zikiwa zimechomolewa kabisa, hapo rudini kwenye programu.

Dawa yake ni seli mbili za 18650 (seli za lithiamu za kuchaji) zilizofuatana: volti 7.4, na 8.4 zikijaa. L298N ni ya transista za zamani, inakula karibu volti 2 kwenye ampea 1, kwa hiyo mota zitapata kama 5.5, zinazozitosha. (Mkipata TB6612FNG, moduli nyingine ya kazi hiyohiyo, mtapoteza volti chache kuliko hizo, na haichemki hivyo.) Lehemu kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya kila mota, na ya mikrofaradi 470, volti 16, kwenye mlango wa umeme wa moduli, upande wenye mstari ni hasi, ukiigeuza hupasuka. Seli zisishuke chini ya volti 3 kila moja, wala msizichaji bila chaja yake. Kwenye programu, msirukie 255, yaani kasi kamili, mara moja: ongezeni 5 kila milisekunde 10, mota ifike kasi kamili kwa nusu sekunde.

Hesabu unazozilalamikia, mwanangu, ndizo hizo tulizofanya sasa hivi, na zitaongezeka. Mkono wa roboti wenye urefu wa sentimita 35 ukikosea digrii 1 begani, ncha yake inakosa mahali pake kwa milimita 6. Matrisi, yaani majedwali ya namba, ndizo zinazokuambia kosa la kila kiungo linaishia wapi. Usizikariri, chukua mkono wa viungo viwili, ukokotoe ncha iko wapi, halafu upime kwa rula.

La cheti ni fupi. Hapa Kenya EBK (Bodi ya Wahandisi) ndiyo inayosajili wahandisi, na KETRB (Bodi ya Usajili wa Teknolojia ya Uhandisi) inasajili wanateknolojia na mafundi sanifu. Jina la shahada kufanana na la jirani hakutoshi. Ulizia idarani, kwa maandishi, kozi yako inatambuliwa na bodi ipi, na ufanye hivyo kabla ya kulipa karo ya mwaka wa pili. Kazi ya mwanateknolojia si ndogo: roboti ya kiwandani ikisimama usiku, anayeitwa ni yule anayejua kupima.

Ukishapima, niandikie ohm za kila mota. Zikipishana sana, huenda moja ina brashi zilizokwisha, na roboti itavutia upande mmoja hata mkiipa betri ya namna gani. Ibadilisheni kabla hamjaanza kurekebisha sensa zinazosoma mstari.

Mamako