Simu ikiibiwa leo usiku, kesho duka lifunguke

Ndugu yangu unayeanza biashara hapa Busia, upande wa Uganda, kabla hujauliza ununue simu gani au uweke programu gani, jibu kwanza swali hili: simu unayofanyia kazi ikiibiwa leo usiku, kesho asubuhi utafungua duka ukiwa na nini? Utajua nani unamdai na nani anakudai? Pesa iliyo ndani ya laini utaipata kwa njia gani? Wateja wako watakupata wapi?

Mimi nachapisha na kutoa nakala, nauza madaftari, na nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu upande wetu wa mpaka. Mfanyabiashara mdogo akipoteza simu, mara nyingi hupitia kwangu, barua ya polisi mkononi, akitafuta nakala ya kitambulisho. Wapo wanaorudi kazini siku ileile. Wapo wanaohangaika majuma. Tofauti yao si bei ya simu. Ni mambo madogo ambayo wale wa kwanza waliyafanya mapema, siku ambayo hapakuwa na shida yoyote.

Anza na laini. Isajiliwe kwa jina lako na kwa kitambulisho chako cha taifa, ukiwepo wewe mwenyewe na kidole chako. Wengi huanzia na laini ya kaka, ya mume, au iliyouzwa barabarani ikiwa tayari imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejulikana. Laini hiyo ikipotea, kampuni ya simu itamrudishia yule ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu zake, na pesa yote iliyomo itamfuata yeye. Hata awe kaka mwema kiasi gani, kama yuko Juba kikazi, duka lako litamsubiri. Kisha laini ya duka iwe mbali na laini ya nyumbani. Ada ya shule, mchango wa harusi na mauzo ya sabuni vikipita mahali pamoja, mwisho wa mwezi hutajua kama biashara inakulisha au wewe ndiye unayeilisha.

Laini yenyewe ina kufuli lake ambalo watu wachache hulitumia. Ndani ya mipangilio ya usalama kuna sehemu ya kuifunga kwa namba ya siri, ili mwizi akiitoa na kuitia kwenye simu nyingine isifanye kazi. Hili ni muhimu kuliko alama ya kidole kwenye kioo. Mwizi anayejua kazi yake hahangaiki kufungua simu yako. Huchomoa laini, huitia kwenye simu yake, na kuanza kupokea namba za uthibitisho za akaunti zako. Ukikosea namba hiyo mara tatu laini hujifunga, na utahitaji namba ya PUK iliyoandikwa kwenye kadi ya plastiki uliyopewa siku ya kununua. Kadi hiyo usiitupe. Piga pia *#06#, andika namba za IMEI zitakazotokea, yaani utambulisho wa simu yenyewe, ukaziweke nyumbani pamoja na risiti ya simu.

Sasa pesa. Kodi ya pesa za simu iliyoanza Julai 2018 ilikuwa asilimia 1, ikashushwa mwaka huohuo hadi asilimia 0.5, na ikabaki kwenye kutoa pesa peke yake. Sikiliza vizuri hapo: kutoa. Si kutuma, si kulipa. Ukitoa shilingi milioni moja, 5,000 huenda serikalini, halafu bado kuna ada ya kampuni yenyewe. Ukifanya hivyo kila wiki, kwa mwaka ni 260,000, na hapo sijahesabu ada. Mwenye duka anayepokea malipo kwa simu, anakuja kwangu kuyatoa yote, kisha anakimbia na noti kwenda kumlipa muuzaji wa jumla ambaye naye ana namba ya kupokelea malipo, amepoteza pesa na amejiweka hatarini barabarani. Mimi ni wakala, kila anayetoa pesa kwangu napata kamisheni, na bado nakwambia: pesa iliyoingia kwa simu, ilipe kwa simu kadiri unavyoweza.

Lakini usiiache yote humo. Siku ya uchaguzi Februari 2016 huduma za pesa za simu zilizimwa nchini pamoja na mitandao ya kijamii. Aliyekuwa na mtaji wake wote ndani ya laini alikuwa na namba tu. Weka taslimu ya kuendeshea duka siku mbili tatu, mahali salama.

Kuhusu matapeli nitasema jambo moja tu, kwa sababu mbinu zao hubadilika ila tundu wanalopitia ni lilelile. Ujumbe si pesa. Mteja akikuonyesha kioo cha simu yake, au hata simu yako ikilia na ujumbe ukasomeka kama ule wa kampuni, usimpe mzigo kabla hujaangalia salio lako mwenyewe kwa *165# (MTN) au *185# (Airtel). Anayekuharakisha, anayesema pikipiki inamsubiri nje, mwangalie kwa makini zaidi. Na akikupigia mtu akidai amekutumia pesa kimakosa umrudishie, usimrudishie kwa mkono wako; mwambie aende kwa kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurudisha muamala uliokosewa.

Sisi wa mpakani tuna mambo yetu mawili. La kwanza ni mtandao: ukiwa karibu na geti, simu huhama yenyewe na kushika mnara wa Kenya, na ghafla *165# haijibu huku mteja anangoja. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, zima uchaguzi wa moja kwa moja, uchague mtandao wako kwa mkono. Zima pia data ya ugenini, la sivyo muda wako wa maongezi utaisha hujui umekwenda wapi. La pili ni shilingi mbili. Wateja kutoka upande wa pili hulipa kwa M-Pesa au kwa noti za Kenya, na wengi wetu tuna laini ya kule pia. Kila uuzapo kwa shilingi ya Kenya, andika kiasi hichohicho cha Kenya pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Ukiandika kwa shilingi ya Uganda tu, faida yako itapanda na kushuka bila wewe kuelewa sababu.

Hapo tumefika kwenye daftari, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapokimbia. Wanapenda kupiga picha za bidhaa, hawapendi kuandika. Na wanaamini kuwa kuandika ni kumsaidia mtoza kodi. Tazama hesabu yenyewe. Mamlaka ya mapato, URA, ina utaratibu wa biashara ndogo ambazo mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 150. Chini ya milioni 10 hulipi kodi hiyo ya mapato. Ukiuza kati ya milioni 10 na 30 bila kumbukumbu, unalipa 80,000 kwa mwaka. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Aliyeuza milioni 25 atalipa 60,000. Panda ngazi moja: kati ya milioni 30 na 50, asiye na kumbukumbu analipa 200,000, mwenye nazo analipa 80,000 na kuongeza asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30. Aliyeuza milioni 40 na akaandika, atalipa 130,000. Sheria yenyewe imeweka bei ya daftari lako: shilingi 70,000 kwa mwaka huo mmoja.

Na daftari halihitaji programu ya kununua. Programu ya majedwali ya Google ni ya bure, inafanya kazi hata bila intaneti ukiiwekea hivyo, na safu tano zinatosha: tarehe, kitu, kiasi, kilivyolipwa, na deni. Kama vidole vyako vinapenda kalamu, tumia kalamu. Andika kwenye karatasi wakati mteja yupo mbele yako, halafu jioni piga picha ukurasa na uuhifadhi kwenye akaunti yako ya Google, ambapo una nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo. Mama mmoja muuza nafaka ninayemfahamu hufanya hivyo tu, na vitabu vyake ni safi kuliko vya watu wenye ofisi.

Akaunti hiyo ya Google ndiyo ghala lako, kwa hiyo ilinde. Watu huweka namba ya kuirejesha ileile iliyo kwenye simu ya duka. Simu ikienda, ufunguo umekwenda nayo. Weka namba ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha uiombe Google misimbo ya akiba, itakupa kumi. Ichapishe, iweke na vyeti vyako. Kwa misimbo hiyo pamoja na neno lako la siri unaweza kuingia kutoka simu yoyote, ukaifunga iliyoibiwa au ukaifuta kabisa kwa mbali.

WhatsApp Business unaijua, au utaijua haraka: orodha ya bidhaa na bei, majibu ya haraka, lebo za kutenganisha aliyelipa na anayedaiwa. Hayo utajifunza kwa kubonyeza. Ninalosisitiza ni namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili. Iweke leo. Na ile namba nyingine ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi, usimpe mtu yeyote, hata anayeomba akiwa ni rafiki, kwa sababu huenda rafiki huyo naye ameshaporwa akaunti. Nimeona wateja wa duka moja wakitumiwa maombi ya mkopo kwa jina la mwenye duka tangu asubuhi hadi jioni, na wengine wakatuma. Jambo jingine dogo: ujumbe wa kutangazia wengi kwa pamoja hufika kwa wale tu waliohifadhi namba yako. Mteja akimaliza kununua, mwombe aihifadhi hapohapo.

Usijenge duka lako lote juu ya mtandao mmoja. Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Watu waliokuwa wamekusanya wateja humo kwa muda mrefu walijikuta wanauza kwa wale tu wanaojua kutumia VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Wiki hiyohiyo intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Namba za wateja wako wakubwa, wale ishirini au thelathini wanaobeba biashara, ziwe zimeandikwa kwa wino. Simu ya kawaida ilipigika hata intaneti ilipolala.

Bando nalo lina kodi yake, asilimia 12, iliyokuja Julai 2021 baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii kuondolewa. Zima video zisijipakue zenyewe ndani ya WhatsApp, na kazi kubwa kama kunakili picha zifanye mahali penye Wi-Fi.

Risiti za kielektroniki za EFRIS zimewatia watu hofu, hasa baada ya wenye maduka Kampala kufunga milango Aprili 2024 wakizipinga. Kwa mwanzo wako jua hivi: wanaobanwa nazo kwanza ni waliosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 150 kwa mwaka. Hata hivyo, ukinunua kwa muuzaji mkubwa, dai risiti hiyo. Ukikua, utaihitaji kuonyesha matumizi yako.

Kompyuta nimeiweka mwisho makusudi. Wengi huinunua mapema mno, kwa mtaji uliopaswa kuwa bidhaa. Simu nzuri na daftari vitakufikisha mbali. Lakini ukifika wakati wa kuinunua, na hasa kama kazi yako itakuwa kuchapa kama yangu, fahamu kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Kampala zilitoka ofisi za Ulaya, na baadhi zinauzwa kwa bei rahisi kwa sababu hazikubali Windows 11. Soma namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane, na kwa kawaida inakubali. Ikiandikwa i5-6300U, ni kizazi cha sita, haikubali kirasmi. Hiyo ya pili si takataka. Ukiiwekea mfumo wa bure wa Linux Mint na programu za ofisi za LibreOffice itachapa barua na kujumlisha hesabu miaka mingine bila senti moja ya leseni. Ila ilipe bei yake, usiilipe bei ya ile ya kwanza. Hakikisha ina diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 8. Fungua na ufunge kila bawaba, chomeka flashi kwenye kila tundu, kisha chomoa chaja na uiache iwake kwa betri wakati mnaongea bei. Muuzaji akikataa kuchomoa chaja, nenda duka la jirani.