Kabla Hujamsahihisha Mtu Kiingereza Chake

Kazi yangu ni kuhariri ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na watu ambao, kama mimi, walikipata darasani. Mabishano mengi ninayoamua hayahusu sarufi bali maana: mmoja ameshika maana aliyofundishwa, mwenzake ameshika ile anayoisikia kila siku.

Kuna ripoti moja ya usuluhishi wa mgogoro wa ardhi iliyosema mwenyekiti alikuwa "disinterested". Mzee mmoja wa kamati aliipokea kama sifa, kwamba mwenyekiti hakuwa na maslahi yoyote pale. Kijana wa ofisini akaona ni shutuma, kwamba mwenyekiti hakujali. "Mwanangu, ninyi ndio mnaoiharibu lugha hii," mzee akasema, na alikuwa amekasirika kweli. Nikafungua Oxford English Dictionary. Maana zote mbili zipo tangu karne ya 17, na ile ya kutojali, anayoiona mzee kuwa ya juzijuzi, ndiyo iliyotangulia kuonekana katika maandishi. Tukaandika "impartial", yaani asiye na upendeleo, ripoti ikaenda.

Kwa hiyo, kabla hujashika kalamu nyekundu, tazama umri wa ile maana inayokuudhi. "Nice" katika karne ya 14 ilikuwa na maana ya mjinga. Asili yake ni Kilatini "nescius", asiyejua. "Girl" aliweza kuwa mtoto wa kike au wa kiume. "Meat" kilikuwa chakula chochote. Maneno hayo yamehama na hakuna anayeyadai yarudi. Hata "literally" (kihalisi, neno kwa neno) ya kutilia chumvi, inayowakera wengi, imo katika vitabu vya Kiingereza tangu karne ya 18.

Malalamiko nayo hayakuanza leo. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alitoa pendekezo la kuundwa chombo cha kukisahihisha Kiingereza na kukizuia kisibadilike. Samuel Johnson naye alianza kamusi yake akitumaini kuituliza lugha. Ilipotoka mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba hakuna kamusi inayoweza kufanya hivyo.

Hata hivyo, siwabezi wanaolalamika. Kwetu Afrika Mashariki, Kiingereza kimebeba mitihani, ajira na heshima ya mtu. Aliyekatwa alama kwa neno moja akiwa kidato cha pili, akalikariri mpaka likakaa, ana haki ya kuumia akiambiwa sasa ni ruhusa. Mara nyingi pia maana mpya huanzia kwa vijana au kwa watu wasiopewa hadhi, na hapo ndipo kukosoa neno kunapogeuka kumdharau msemaji. Hilo nalikataa kabisa. Lakini hoja ya kupotea kwa tofauti muhimu naiheshimu: asiye na upendeleo na asiyejali ni watu wawili tofauti, hasa shamba la mtu likiwa mezani.

Katika mazungumzo, mwache mtu aseme, umemwelewa. Kwenye mkataba, maelekezo ya dawa au ripoti ya fedha, likwepe neno lolote linalogombaniwa. "Biweekly" huweza kuwa mara mbili kwa wiki au kila wiki mbili: iondoe, taja siku zenyewe. "Decimate" kwa Warumi ilikuwa adhabu ya kuua askari mmoja katika kila kumi. Leo wengi huelewa ni kuangamiza sehemu kubwa. Ukiandika hivyo kuhusu mahindi yaliyoliwa na viwavijeshi, msomaji mmoja atafikiria asilimia 10 na mwingine 80. Weka ekari ngapi zimeliwa, kati ya ngapi zilizopandwa.